Tom Mboya: bwana afya aliyegombea chama wakati wa woga

Ukiishi Migosi, jina la Tom Mboya unalitamka kila wiki bila hata kufikiria. Ni jina la mtaa wa jirani, unampa mtu wa boda akupeleke na maisha yanaendelea. Ni jina la chuo cha wafanyakazi cha COTU hapa Kisumu. Ukienda Nairobi utakuta barabara nzima imebeba jina hilo, na sanamu yake imesimama kando. Lakini hebu jiulize unajua nini juu ya mwenyewe. Wengi wetu tutajibu kwamba alikuwa waziri, alipeleka vijana kusoma Marekani, halafu akapigwa risasi. Ni kweli yote. Ila kabla ya uwaziri alikuwa mfanyakazi wa mshahara kama wewe, na aliingia uongozini kupitia uchaguzi wa chama cha wafanyakazi, enzi ambazo kugombea cheo kama hicho kungeweza kukupotezea kazi, nyumba, au uhuru wako.

Nakuletea habari hii kwa sababu najua wengi wenu mko kazini sasa, supamaketi, hospitalini, hotelini kando ya ziwa, shuleni. Uchaguzi wa chama unapokaribia, unaona wenyewe mambo yanavyobadilika. Watu mliokula pamoja chapati na madondo saa saba mchana wanaanza kutazamana kwa jicho la pembe. Huyu ametolewa kwenye grupu ya WhatsApp. Yule amehamishiwa zamu ya usiku ghafla, hajui kosa lake. Mwingine anaambiwa kwa utani, utani ambao si utani, kwamba orodha ya waliopigia upande fulani inajulikana. Na mara nyingi bosi hajainua hata kidole. Ni wenzako.

Sasa turudi kwa Mboya.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la Wazungu. Wazazi wake walikuwa watu wa Kisiwa cha Rusinga. Baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa nyapara wa shamba hilo. Usipite haraka hapo. Nyapara ni mfanyakazi, lakini ndiye anayewasimamia wafanyakazi wenzake kwa niaba ya tajiri, na akikosana nawe siku yako inaharibika. Mboya alikua akiona kila siku jinsi mamlaka madogo mikononi mwa mtu wa rika lako yanavyofanya kazi.

Masomo yake yalimzungusha nchi. Alianza Ukambani, akaja huku kwetu St Mary's Yala, mwendo wa matatu tu kutoka Kondele, kisha Mang'u. Pesa za nyumbani hazikutosha kuendelea, kwa hivyo akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya. Ndivyo alivyokuwa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua maduka, mikahawa, maziwa, uchafu. Mwafrika na Mzungu walifanya kazi ile ile, lakini mshahara wa Mwafrika ulikuwa kipande tu cha ule wa mwenzake.

Kuna kisa kimoja alichopenda kukisimulia mwenyewe. Siku moja alikuwa peke yake kwenye maabara ya baraza. Mama mmoja wa Kizungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akamuuliza Mboya, aliyesimama mbele yake, kama hakuna mtu humu ndani. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yana shida. Unaweza kukisia hasira iliyofuata.

Wafanyakazi Waafrika wa baraza walikuwa na kitu kilichoitwa shirika la wafanyakazi. Si chama hasa. Lilikuwa la kunong'ona na waajiri, la kuomba, la kupewa kiti mwishoni mwa meza. Wenzake walimchagua Mboya awe mkuu wake. Alikuwa na miaka kama 22. Yeye na wenzake wakaamua liache kuwa shirika la kuomba, liwe chama kilichosajiliwa kisheria, chenye uwezo wa kudai. Ndipo kikazaliwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa, na Mboya akawa katibu mkuu wake mwaka 1953.

Fikiria ulikuwa wakati gani. Waliotangulia kwenye kazi hiyo hawakuwa wamefanyiwa sherehe. Chege Kibachia, aliyeongoza wafanyakazi wa Mombasa, alikamatwa mwaka 1947 na kufukuziwa mbali, Kabarnet. Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa Mei 1950, na Nairobi ikagoma kwa sababu yao. Makhan Singh hakuachiliwa hadi 1961. Halafu Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa nchini. Kwa hiyo kijana wa Rusinga aliposema atakuwa katibu mkuu, kila mwenye akili alijua hatari ya cheo hicho.

Waajiri wake nao hawakukawia. Mboya alipotoa notisi ili afanye kazi ya chama muda wote, baraza halikungoja notisi iishe. Likamwondoa. Kulipiziwa kisasi hakukuanza na kizazi chako.

Lakini woga mkubwa zaidi wa miaka ile haukuwa wa barua ya kufutwa kazi. Ulikuwa wa mwenzako. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi kwa operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa kwa maelfu na kupitishwa mbele ya watu waliovikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu hao waliitwa gakunia. Uliyefanya naye kazi ghala moja, uliyelala naye chumba kimoja Pumwani, angeweza kuwa ndani ya gunia lile. Akitikisa kichwa hivi, unakwenda nyumbani. Akitikisa vile, unakwenda Manyani au Mackinnon Road, na hutawahi kujua ni nani aliyekuuza wala kwa nini. Labda ulimdai pesa. Labda uligombea naye cheo cha mweka hazina wa tawi. Baada ya siku hizo vyama vingi vya Nairobi vilibaki bila viongozi, bila watunza vitabu, bila wanachama wa kutosha kufanya mkutano.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo watu wanaompenda Mboya hawapendi kulisikia. Kupanda kwake kwa haraka kulisaidiwa na mkasa huo. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa ameshachukua ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vilivyosajiliwa, ambalo mwaka 1955 lilibadilishwa jina kuwa Kenya Federation of Labour, KFL. Wengi ambao wangeshindana naye walikuwa kizuizini. Yeye, kijana Mjaluo asiyehusishwa na Mau Mau, aliachwa nje. Hakuitumia nafasi hiyo kukaa kimya, hilo nalo ni kweli. Alipinga waziwazi kukamatwa kwa watu bila mashtaka wakati ambapo kusema hivyo hadharani kulihitaji moyo.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akashuka pwani. Kazi yake ikawa ngumu kuliko kugomesha watu, maana alitakiwa kuwashawishi maelfu ya watu wenye hasira warudi kazini wakati madai yao yanasikilizwa na msuluhishi. Kama umewahi kukaa kwenye mgomo unajua anayetaja habari ya kurudi kazini anaitwa nani. Anaitwa msaliti, na jioni hatembei peke yake. Mboya alisimama mbele yao akasema. Walirudi, na uamuzi ulipotoka waliongezewa mshahara kwa asilimia 33. Jina lake likafika kila bandari na kila stesheni ya reli, Kisumu ikiwemo.

Mengine nayapitia haraka, kwa sababu umeyasoma darasani. Mwaka mmoja Chuo cha Ruskin, Oxford. Uchaguzi wa 1957 ulioingiza Waafrika bungeni, alipomshinda wakili Argwings-Kodhek kule Nairobi. Uenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra mwaka 1958. Ndege za wanafunzi kuanzia 1959. Ukatibu mkuu wa KANU mwaka 1960.

Tunalorudia ni chama. Huko nako mambo hayakuwa matulivu. Naibu wake, Arthur Ochwada, alijitenga akaanzisha shirikisho lake. Walimlaumu Mboya kwamba anapokea pesa za vyama vya Marekani na kwamba nani angeshindana naye katika uchaguzi akiwa na mfuko kama huo. Lawama hiyo haikuwa ya wivu mtupu. Jengo la Solidarity House, makao ya KFL, lilijengwa kwa msaada wa Wamarekani. Nao wapinzani wake walikuwa na marafiki wao Ghana na kwingineko. Vita baridi ya dunia ilikuwa imeingia mpaka kwenye mkutano wa tawi lenye wanachama mia moja.

Mwaka 1962 Mboya akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba mwaka huo mkataba wa mahusiano kazini ukatiwa sahihi na serikali, waajiri na KFL. Ukiusoma leo utaona kwamba pande mbili, za waajiri na za vyama, ziliahidi kutotumia nguvu, vitisho wala kulipiza kisasi. Mimi naona kipengele hicho kiliandikwa na watu waliojua vizuri wanachokisema. Mboya alikuwa amekaa pande zote.

Karatasi ni karatasi, lakini. Baada ya uhuru, ugomvi wa Mboya na Jaramogi Oginga Odinga ulipasua kila kitu katikati, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyopasuka kwa sauti kubwa zaidi. Upande mmoja ilibaki KFL, ikiongozwa sasa na Clement Lubembe, mtu wa Mboya. Upande wa pili likaundwa shirikisho jipya, Kenya African Workers Congress, likiongozwa na Dennis Akumu wa chama cha makuli wa Mombasa. Akumu alikuwa mtu wa Nyakach, hapa hapa kwetu. Na jambo linalouma ni kwamba zamani alikuwa upande wa Mboya, wamefanya kampeni pamoja Nairobi, wameitana ndugu.

Hebu jiweke kwenye viatu vya mwanachama wa kawaida wakati ule. Unataka tu nyongeza ya mshahara na likizo. Lakini kila asubuhi unaulizwa uko upande gani. Ukikata kadi ya KFL, wa Congress wanakuona kibaraka wa Wamarekani. Ukienda Congress, unaitwa mkomunisti. Ukisema huna upande, wote wanakushuku. Ofisi za matawi zilinyang'anywa, zikafungwa, zikavunjwa kufuli. Agosti 1965, Mombasa, wafuasi wa pande mbili wakapigana na watu wakafa. Waliouana hawakuwa wakoloni na makuli. Walikuwa wafanyakazi kwa wafanyakazi, kila upande na kadi yake ya chama.

Mboya wakati huo alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ndani ya serikali ile ile iliyotoa uamuzi. Mashirikisho yote mawili yalifutiwa usajili mwaka huo huo, na mahali pao pakawekwa shirikisho moja tu, COTU. Ghasia zikatulia, sikatai. Ila angalia bei yake. Chini ya sheria mpya, katibu mkuu wa COTU hakupatikana kwa kura peke yake. Wajumbe walipendekeza majina matatu, na Rais wa nchi akachagua mmoja. Wafanyakazi waliotishana mpaka wakashindwa kuchagua walichaguliwa. Nani wa kulaumiwa? Mimi nawalaumu wote, na Mboya pia yumo, kwa sababu alikuwa na uzito wa kuwatuliza watu wake mapema na hakuutumia inavyotosha.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka dukani kwa mwuza dawa kwenye Barabara ya Government, Nairobi, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga, kwenye kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Ukipata wikendi, panda gari hadi Mbita, vuka uende ukalione.

Mwaka huo huo wa 1969 COTU ilipata katibu mkuu mpya badala ya Lubembe. Alikuwa Dennis Akumu, yule yule wa Nyakach. Jina lake lilikuwa moja kati ya yale matatu yaliyopelekwa mezani kwa Rais.