Elimu na Dhima: Tumkumbuke Sayyid Ahmed bin Sumeit

Tunapowakumbuka wakubwa waliotutangulia, haifai kuishia kuwapamba kwa sifa. Yafaa tutafute katika maisha yao jambo la kutuongoza katika kazi zetu. Leo tunamkumbuka Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumeit, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii na kadhi wa Unguja, aliyefariki mwaka 1925. Tumemchagua kwa kuwa hakuitenga elimu yake na dhima yake.

Alizaliwa mwaka 1861 huko Itsandraa, Ngazija. Baba yake, mwenye asili ya Shibam ya Hadharamaut, alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Katika ujana wake Sayyid Ahmed alifanya biashara ya baharini, akayajua mambo ya vyombo na pepo kama wayajuavyo watu wa visiwa. Na ye yote aliyekulia pwani anafahamu kwamba chombo kikipanda mwamba, hauulizwi mwamba; huulizwa nahodha.

Alikuwa angali kijana wa miaka ishirini na kitu Sayyid Barghash alipompa ukadhi wa Unguja. Cheo hicho kingemtosha mtu mwingine maisha yake yote. Yeye, katikati ya miaka ya 1880, aliondoka akaenda kutafuta elimu zaidi. Alifika Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni ambaye Waingereza walikuwa wamemwondosha Malabar mwaka 1852, akakaa mbele yake kama mwanafunzi. Sultani Abdulhamid wa Waturuki alimtunukia nishani. Alizuru pia Misri na Makka, akikutana na wanavyuoni. Tuizingatie hatua hii. Kadhi aliyekwisha kuhukumu watu alikubali kurudi jamvini na kufundishwa. Aliyejua uzito wa hukumu hakuona haya kukiri kwamba elimu yake bado inahitaji kuongezwa.

Alirudi Unguja mwaka 1888, akakalia tena kiti cha ukadhi, na humo akadumu hadi alipofariki. Katika muda huo walipita watawala sita, tangu Sayyid Khalifa bin Said hadi Sayyid Khalifa bin Harub. Mwaka 1890 nchi iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1896 manowari zao zilipiga mizinga jumba la mfalme. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Mamlaka ya makadhi nayo yalizidi kupunguzwa, na mahakimu wa kigeni wakawekwa juu yao.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Sisi ni watu wa Chama, na hatuusifu utawala wa Masultani ambao Mapinduzi ya 1964 yaliuondoa. Lakini haki inatutaka tupambanue baina ya kiti na aliyekikalia. Wadai waliofika mbele ya kadhi hawakuwa wafalme. Walikuwa wajane, mayatima, wenye mirathi na wenye ndoa zenye matata. Hao walihitaji mtu mwenye elimu atakayekubali kuulizwa juu ya neno lake.

Katika mambo mazito Sayyid Ahmed hakujifungia na rai yake. Aliandikiana barua na wanavyuoni wa nje, akiwamo Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Aliandika vitabu, na kimojawapo ni Al-Ibtihaj, kinachoeleza istilahi za Imamu Nawawi katika Minhaj. Huenda msomaji akadhani hilo ni jambo la wanafunzi wa chuoni tu. Sivyo. Istilahi hizo zinabainisha kila kauli imetoka kwa nani na ina nguvu kiasi gani. Neno moja linamjulisha msomaji kwamba kauli hii ni ya Imamu Shafii mwenyewe; neno jingine linamjulisha kwamba hii ni rai ya wafuasi wake. Kauli haiachwi ikielea bila ya mwenyewe.

Sasa na tuyatazame majalada ya ofisi zetu. Ni mara ngapi mwananchi ameambiwa kwamba imeamuliwa, imeagizwa, imeonekana haifai, wala hakuna atajaye aliyeamua, aliyeagiza, wala aliyeona? Mwananchi anapanda daraja na kushuka daraja akimtafuta mwenye neno hilo, asimpate. Nasi tunaoandika hatujitoi. Tumewahi kukaa katika kamati tukaujua ukweli wa jambo, tukanyamaza ili kosa liwe la wote, na kwa hiyo lisiwe la mtu. Siku ile hatukukosa elimu. Tulikosa ujasiri wa kuibeba.

Uamuzi wa pamoja ni jambo jema, na Chama chetu kimejengwa juu yake. Lakini kikao si pazia la kujifichia. Kila aliyeinua mkono anapaswa kuwa tayari kueleza kwa nini aliuinua, na kila aliyetia sahihi ajue kwamba jina lake ni ahadi kwa mwananchi. Na asiyejua asione haya kuuliza, kwani kadhi wa Unguja aliuliza.

Mwaka huo huo wa 1925 alifariki pia sahibu yake, Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyesomesha Ukutani. Kwa vifo hivyo viwili visiwa vyetu na pwani yote vilipata msiba mkubwa. Wanafunzi wao walibaki, na elimu ikaendelea. Kwa hiyo tunawaomba watumishi wa umma, wakubwa kwa wadogo, waanze na jambo jepesi: kesho asubuhi, jibu lo lote litakalotolewa kwa mwananchi lifuatane na jina la aliyelitoa.