Sir Ernest Vasey: Aliyelifungulia soko la hisa la Nairobi mlango wa London

MASHAMBA ya Kakuzi yako maili chache kutoka mji wa Thika, upande wa Makuyu. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1927, iliorodheshwa katika masoko mawili ya hisa, la Nairobi na la London. Miongoni mwa waliochangia kuyafanya masoko hayo yatambuane ni Sir Ernest Albert Vasey.

Vasey alizaliwa Uingereza mwaka wa 1901 katika familia ya waigizaji, akaacha shule angali mtoto. Alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Hakuwa mkulima kama walowezi wengi waliotamba enzi hizo. Alikuwa mtu wa mjini na biashara, na katika miaka ya 1940 aliwahi kuwa Meya wa Nairobi mara mbili. Mwaka wa 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, ndiye aliyekuwa akishika hatamu za fedha za koloni.

Wakati huo hisa zilinunuliwa na kuuzwa kwa maafikiano ya mdomo, mara nyingi katika Hoteli ya Stanley jijini Nairobi, bila kanuni wala bei inayojulikana na wote. Kampuni ingeweza kuwa na shamba zuri na faida nono, lakini tajiri wa London asingekuwa na njia ya kujua thamani yake. Francis Drummond, aliyeanzisha kampuni ya udalali wa hisa mwaka wa 1951, alimpelekea Vasey wazo la kuwa na soko rasmi. Julai 1953 wawili hao waliwaendea wakuu wa Soko la Hisa la London, ambao walikubali kulitambua la Nairobi kama soko la ng'ambo. Mwaka wa 1954 likasajiliwa kama chama cha madalali.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tija yake kuu. Kampuni iliyoorodheshwa Nairobi sasa iliweza kuonekana na wenye mitaji walioko mbali, kwa kuwa soko lenyewe lilikuwa na mdhamini wanayemwamini.

Hata hivyo, dirisha hilo lilifunguliwa upande mmoja. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hisa hadi baada ya uhuru. Mchuma kahawa wa Ruiru na Mhindi mwenye duka Thika waliziona kampuni hizo kila siku kwa macho, ila hawakuweza kumiliki hata hisa moja. Vasey alihesabiwa miongoni mwa wazungu wenye msimamo wa wastani, na walowezi wengi walimshuku kwa sababu hiyo; lakini ubaguzi huo ulidumu chini ya uangalizi wake.

Aliondoka serikalini mwaka wa 1959, akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika chini ya Julius Nyerere hadi 1962, kisha akaifanyia kazi Benki ya Dunia nchini Pakistan. Alifariki mwaka wa 1984.

Miaka minne baadaye serikali iliuza asilimia 20 ya hisa zake za benki ya KCB kupitia soko hilo. Kampuni ya intaneti ya AccessKenya iliingia mwaka wa 2007. Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 mwaka wa 2008, kwa Sh5 kila moja, zaidi ya watu 800,000 walituma maombi.