Maisha ya Daktari Rudolf Virchow

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1821, katika mji mdogo wa Schivelbein, uliokuwa wa dola ya Prussia na leo umo katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mkulima na mtunza hazina ya mji, wala hakuwa mtu wa mali nyingi. Mwaka 1839 kijana huyu alipata nafasi ya kusomea udaktari katika chuo cha jeshi mjini Berlin, akahitimu mwaka 1843.

Mwaka 1848 serikali ilimpeleka jimbo la Silesia ya Juu, ambako homa ilikuwa ikiua watu wengi. Alirudi na habari zisizowapendeza wakubwa: kwamba watu wale waliuawa na njaa, umaskini na ujinga, na kwamba dawa yao ilikuwa shule na uhuru. Mwaka huo huo aliungana na watu waliodai haki mjini Berlin. Basi alisimamishwa kazi, na mwaka 1849 akahamia Chuo Kikuu cha Würzburg.

Huko, mwaka 1855, alifanya kazi inayotuhusu sana sisi wana wa wafugaji. Siku zile maini ya wagonjwa wengine yalionekana yamejaa vitundu vyenye ute, na madaktari waliamini kuwa ni kansa. Virchow aliyachunguza, akaonyesha kwamba si kansa, bali ni mtoto wa tegu. Tegu mzima, asiyezidi urefu wa punje ya mchele, hukaa tumboni mwa mbweha au mbwa. Mayai hutoka na mavi, na mtu akiyameza huota vifuko ndani ya mwili wake.

Lakini je, tegu huyo ndiye yule aletaye mafuko makubwa ya maji kwa watu na mifugo, au ni mwingine? Wataalamu walibishana karibu miaka mia, hata katika miaka ya 1950 ikathibitishwa kwamba ni aina mbili. Siku hizi hupimwa vinasaba. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba huko Turkana, Kenya, wamo tegu wa kondoo na tegu wa ngamia pia. Na mwaka 2008 tegu wa simba wa Uganda alitambuliwa kuwa aina ya pekee. Ukijua aina, unajua ni wanyama gani wanaomlea, na mahali pa kumkatia njia.

Virchow alirudi Berlin mwaka 1856. Alipokuwa diwani wa mji, tangu 1859, alipigania mifereji ya maji machafu na ukaguzi wa nyama. Januari 1902 alianguka akishuka katika tramu, akavunjika paja. Alifariki tarehe 5 Septemba, 1902, akiwa na umri wa miaka 80.

Wasomaji wapenzi, kwetu Bariadi siku ya kuchinja, ini au pafu lenye malengelenge hutupiwa mbwa. Kisha sisi watoto humshika mbwa yule yule, tukala bila kunawa. Mimi mwenyewe nimelitupa mara nyingi. Likizo ijayo nitalifukia katika shimo refu, nami nitamweleza babu kwa adabu kwa nini mbwa wake amekosa fungu lake.