Koomenjoe, Aliyewavusha Wameru Maji

Wazee wa Kimeru husimulia kuwa asili yao ni Mbwaa, kisiwani, walikotumikishwa na mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani mizito. Walitakiwa washone kiatu chenye manyoya ndani na nje; kwa shauri la Koomenjoe, wakakata ngozi ining'iniayo shingoni mwa fahali. Wakatakiwa mkuki ufikao mbinguni. Hapo Koomenjoe akaona hapana budi kuhama.

Walipofika majini aliyapiga kwa fimbo, yakapasuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri Ntune, wekundu. Wa mchana Njeru, weupe. Wakaishia Mlima Kenya. Wengi humhesabu kuwa ndiye Mugwe wa kwanza, mwenye kuwaombea watu kwa Murungu, ambaye mkono wake wa kushoto hufichwa, usitolewe ila kwa kubariki.

Msomaji atamkumbuka Nabii Musa, alayhi salaam. Lakini wapo wataalamu wadhanio Mbwaa ni Manda, jirani ya Lamu. Ikiwa ndivyo, Firauni wa kisa hiki alikuwa mtu wa kwetu, nasi yatupasa kukisikiliza.