Charles Goodyear: Aliivisha mpira, akafa na madeni

Msomaji ukiliona jina Goodyear kwenye tairi usidhani mwenye jina alikuwa tajiri. Kampuni hiyo ilianzishwa na Frank Seiberling huko Akron, Ohio, mwaka 1898, miaka 38 baada ya Charles Goodyear kufariki, na haikuwa ya ukoo wake. Jina liliwekwa kwa heshima tu.

Goodyear alizaliwa New Haven, Connecticut, Desemba 29, 1800. Biashara ya vyombo vya chuma aliyofanya na baba yake ilifilisika mwaka 1830, na tangu hapo akawa mtu wa kuingia na kutoka jela kwa madeni.

Miaka hiyo mpira ulikuwa umewatia wazimu Wamarekani. Tatizo lake ni kwamba wakati wa joto uliyeyuka na kunuka, na wakati wa baridi ukakauka na kupasuka. Viwanda vikafungwa. Bwana huyu, ambaye hakusomea kemia, akaamua kuutibu. Alichanganya magnesia, chokaa, hata asidi ya naitriki, mengine akiyafanyia ndani ya jela ya Philadelphia kwa kifimbo cha mkewe cha kusukumia unga. Mifuko ya barua aliyoitengenezea serikali ikaharibika kwa joto.

Nathaniel Hayward ndiye aliyemwonyesha salfa, na Goodyear akainunua haki yake. Mwaka 1839, huko Woburn, Massachusetts, mpira wenye salfa uligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka ukaungua kama ngozi, na pembeni mwa palipoungua pakabaki mpira uliokuwa umeiva sawasawa.

Wengi huishia hapo wakisema ni bahati. Lakini kazi ngumu ndiyo ilianza: moto kiasi gani, na kwa muda gani? Alihangaika na majiko ya watu mpaka akaona kuwa mvuke wa nyuzi 130 hivi za Selsiasi, kwa saa nne hadi sita, ndio unaofaa. Salfa hufunga nyuzi ndefu za mpira moja kwa nyingine, na zikishafungwa hazitiririki tena. Swali hilo hilo liko viwandani leo kwenye mpira wa silikoni, unaosukumwa ukiwa haujaiva ndani ya kalibu ya moto. Ukiiva mapema kalibu haijai, ukichelewa unatoka unanata. Ajabu ni kwamba silikoni inayoivishwa kwa platinamu, ikiguswa na salfa, inagoma kuiva.

Hataza yake ya Marekani aliipata Juni 15, 1844. Uingereza alikuwa amechelewa, maana Thomas Hancock, aliyeviona vipande vya mpira wake, aliwahi kuomba ya kwake mwaka 1843. Mwaka 1852 Goodyear alishinda kesi kubwa huko Trenton, akitetewa na Daniel Webster kwa malipo ya dola 15,000. Mwaka 1855 alikuwa jela tena, Paris, kwa madeni, na nishani ya Ufaransa ikamfuata humo humo.

Kwa maoni yangu aliyelipa zaidi ni mkewe Clarissa, aliyefariki mwaka 1853. Baadhi ya watoto wao walikufa wakiwa wadogo. Julai 1, 1860 Goodyear alifariki New York, akiwa safarini kwenda kumwona binti yake mgonjwa, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Aliacha madeni ya dola 200,000 hivi.