Geoffrey Winthrop Young

Geoffrey Winthrop Young (25 Oktoba 1876 – 8 Septemba 1958) alikuwa mpanda milima, mshairi na mwalimu kutoka nchini Uingereza.

Alipokuwa mwanafunzi wa Trinity College, Cambridge, alipanda mapaa ya chuo usiku. Mwishoni mwa karne ya 19 alitoa, bila kutaja jina lake, mwongozo wa njia za mapaa hayo, ukiiga kwa mzaha vitabu vya wapanda milima ya Alpi.

Mwaka 1917, akibeba majeruhi katika vita kati ya Italia na Austria, alijeruhiwa akakatwa mguu. Hata hivyo, mwaka 1928 alifika kilele cha Matterhorn kwa mguu wa bandia.

Kitabu chake Mountain Craft (1920) kilifundisha matumizi ya kamba, uongozi wa kundi na kuepuka hatari.