John DeLorean na kitendawili cha Pontiac GTO
John DeLorean alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1925, mwana wa mhamiaji kutoka Romania. Akiwa mhandisi mkuu wa Pontiac, alikabiliwa na marufuku ya General Motors dhidi ya injini kubwa katika magari ya ukubwa wa kati. Yeye na wenzake wakaikwepa: katika toleo la 1964, GTO iliuzwa kama vifaa vya ziada vya LeMans, ikiwa na injini ya lita 6.4. Mwaka 1965 akawa mkuu wa Pontiac. Alifariki mwaka 2005, akiwaachia wanunuzi kitendawili: namba ya chesi ya matoleo ya 1964 na 1965 haitambulishi GTO, na nembo yeyote aweza kuibandika. Uthibitisho umo katika kumbukumbu za kiwanda.